Hii AM ni ipi? Herufi mbili na kazi zake zote

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu wa miaka 7, ambaye ndo kwanza anaanza Kiingereza, alichukua simu yangu asubuhi akaikodolea macho kwa muda alafu akaniambia, mjomba, simu yako inasema yenyewe ni saba. Nikamuuliza saba nini? Akanigeuzia kioo, imeandikwa 7:00 AM. Juzi yake tu alikuwa amefundishwa "I am" kwamba ni "mimi ni", sasa akiiona am popote anajua ni ile ile, na alikuwa na haki yake manake herufi ni zile zile mbili na hakuna mtu aliyemwambia kuna am ya mtu na am ya saa.

Nikaanza kumweleza, nikadhani ni maelezo ya dakika moja. Nikamwambia hii ni ya asubuhi, ile ni ya mtu kujisema. Akauliza, na ile ya kwenye redio? Hapo nikanyamaza, kwa sababu redio ninayo pale kabatini, ya marehemu babu, na ina swichi pembeni imeandikwa AM na FM, na yeye anaichezea kila akija. Basi toka siku hiyo hizi herufi mbili hazijaniacha, nimekuwa nazikusanya, na mwenzenu nina sababu yangu nyingine ya kuzifuatilia ambayo ntaisema hapo mbele maana bado inaniuma.

Tuanze na ile ya mpwa wangu, am ya "I am". Ni neno la ajabu sana kwa sababu lina rafiki mmoja tu duniani, "I". Huwezi kumpa "you", huwezi kumpa "he", ni la mtu anayejisema mwenyewe na basi. Na ukiangalia kitenzi chake chote utashangaa, am, is, are, was, were, be, been, havifanani hata kidogo, na sababu ni kwamba hicho kitenzi kimeshonwa kutoka kwenye mizizi tofauti ya zamani, am na is zimetoka mahali pamoja, be na been mahali pengine, was na were pengine tena, zikaja kuishi nyumba moja. Kwenye Kiingereza cha kale am ilikuwa eom.

Sasa sisi tunaotafsiri (mi kazi yangu ya kila siku ni hiyo, kutafsiri) am ni mtihani, manake Kiswahili hakina neno moja la kuiweka pale. "I am a teacher" ni mimi ni mwalimu, au mimi mwalimu tu na mtu akakuelewa. "I am here" ni nipo hapa. "I am hungry" ni nina njaa. "I am reading" ni ninasoma. "I am tired" ni nimechoka. Yaani hesabu mwenyewe, neno moja la herufi mbili na kwetu limekuwa ni, nipo, nina, nina- ya kitenzi na nime-, na kila moja ina sehemu yake, ukikosea unaandika "mimi ni njaa" kama programu za kutafsiri zilivyokuwa zinaandika zamani. Mi napenda sana hapa, kwa sababu watu wanasema Kiswahili kina maneno machache, wakati kwenye jambo hili la mtu kuwa, Kiswahili kinakuuliza maswali ambayo Kiingereza hakiulizi kabisa: uko mahali? una kitu? unafanya? umeshafikia hali fulani?

Haya, am ya saa. Hii ni Kilatini, ante meridiem, kabla ya katikati ya mchana, na PM ni post meridiem, baada yake. Hapo tu pana jambo ambalo watu wengi hawalitilii maanani, kwamba AM haina maana ya asubuhi. Ina maana ya kabla ya adhuhuri, kwa hiyo saa nane ya usiku mnene, mbwa wanabweka na watu wamelala, ni AM. Saa tisa alfajiri ni AM. Tunafundishwa "AM asubuhi, PM jioni" na hilo fundisho linatosha mpaka siku linapokataa kutosha.

Kwangu lilikataa mwaka juzi. Kulikuwa na nafasi ya mafunzo ya onlaini, mafunzo ambayo niliyasubiri karibu mwaka mzima, na fomu yake ilikuwa ndefu, inataka barua mbili za watu wanaokufahamu na sampuli ya kazi kurasa 20. Dedlaini iliandikwa hivi: Friday, 12:00 AM. Mi nikasoma Ijumaa, nikasoma kumi na mbili, kichwani ikaingia Ijumaa saa sita usiku, yaani siku ya Ijumaa ikiisha. Alhamisi jioni nilikuwa nimemaliza kila kitu, imebaki kupitia ile sampuli mara ya mwisho, nikajiambia nilale niamke na macho mapya. Ijumaa asubuhi nimekaa na chai yangu, nafungua ukurasa, fomu imefungwa. Niliwaandikia kwa adabu kabisa nikaeleza nilivyoelewa, wakanijibu sentensi moja kwamba dedlaini ilikuwa wazi na imezingatiwa kwa wote. Wazi! Nililia siku ile, sioni aibu kulisema.

Baadae ndo nikakaa nikaichambua hiyo saa kama fundi anavyofungua injini, na nataka nikuonyeshe tatizo liko wapi. Adhuhuri yenyewe, saa sita kamili ya mchana, sio kabla ya adhuhuri wala sio baada ya adhuhuri, ni yenyewe. Kwa hiyo kwa maana halisi ya maneno haiwezi kuwa AM wala PM. Na usiku wa manane ile saa sita kamili ndo mbaya zaidi, kwa sababu ni masaa 12 baada ya adhuhuri ya jana na pia ni masaa 12 kabla ya adhuhuri ya leo, yaani ina haki ya kuitwa zote mbili. Saa za dijitali zimeamua kutoka 11:59 PM kwenda 12:00 AM, na ndivyo wengi tunavyofuata, lakini ni makubaliano tu, haitoki kwenye Kilatini. Na wala sio mimi peke yangu niliyechanganyikiwa, kitabu cha mwongozo wa uandishi cha idara ya uchapaji ya serikali ya Marekani kwenye toleo la 2000 kilikuwa kinaita adhuhuri 12 a.m. na usiku wa manane 12 p.m., kinyume kabisa na simu yako, kikaja kugeuza kwenye toleo la 2008. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia vipimo, NIST, yenyewe inashauri watu wasitumie kabisa 12 a.m. na 12 p.m., waandike noon au midnight, na kama ni mkataba basi waweke 12:01 a.m. au 11:59 p.m. ili ijulikane ni siku gani. Ndo maana utakuta mikataba ya bima inaanza saa sita na dakika moja, ile dakika moja inazuia kesi.

Sasa sikiliza Kiswahili. Ukiniambia "mwisho saa sita usiku wa kuamkia Ijumaa" nimekuelewa moja kwa moja, Alhamisi ndo siku yangu ya mwisho, nikilala nimekosa. Ukiniambia "Ijumaa saa sita usiku" hapo nitakuuliza, ya kuamkia Ijumaa au ya kuamkia Jumamosi? Na utanijibu bila kushangaa kwa sababu ni swali la kawaida. Hiyo "kuamkia" ni neno dogo lakini linafanya kazi ambayo AM na PM zote mbili zimeshindwa kuifanya, linachukua usiku na kuukabidhi kwa asubuhi yake. Nimeshatafsiri matangazo mengi toka wakati ule na kila nikikutana na 12 AM siipitishi, namwandikia mteja namuuliza unamaanisha usiku wa kuamkia lini, na amini usiamini kuna wateja zaidi ya mmoja waliorudi kunijibu kwamba wao wenyewe walikuwa wanamaanisha usiku unaofuata.

Basi turudi kwenye redio ya babu.

Nilipokuwa mdogo nilidhani ile swichi ya AM ni ya kusikiliza asubuhi. Nilikuwa nimeona AM kwenye saa ya ukutani ya dijitali, nikaunganisha, kwa hiyo asubuhi naweka AM, mchana naweka FM, na asubuhi AM ilikuwa inatoa mkwaruzo tu na kituo kimoja viwili vya mbali, nikawa nahisi redio ni mbovu. Siku moja usiku nikaigusa kwa bahati mbaya nikiwa nimelala nayo kitandani na ikafunguka kama mlango, lugha moja baada ya nyingine, mtu anasoma habari, mwingine anaimba, mwingine anaongea lugha ambayo sijawahi kuisikia, kila ukizungusha kitufe kidogo unahamia nchi nyingine. Sikulala. Babu aliniambia tu "usiku sauti zinatembea", hakueleza zaidi.

Na babu alikuwa sahihi kabisa. AM ya redio ni amplitude modulation, yaani wimbi la redio linabebeshwa sauti kwa kuongezwa na kupunguzwa ukubwa wake, ukiongea kwa nguvu wimbi linanenepa, ukinong'ona linakonda, wakati kwenye FM ukubwa haubadiliki, kinachobadilika ni kasi ya kutetemeka. Sasa mawimbi ya masafa ya kati, ambako vituo vingi vya AM viko, mchana yananyonywa na tabaka la chini la ile sehemu ya juu ya anga inayochajiwa umeme na jua. Jua likizama lile tabaka la chini linafifia, mawimbi yanapita yanakwenda kugonga matabaka ya juu zaidi yanarudishwa ardhini mamia ya kilomita mbali. Ndo zile sauti za usiku. Kwa hiyo AM ya redio, pamoja na jina lake kufanana na la asubuhi, inachangamka zaidi PM, na ukifikiria utaona jinsi herufi zinavyoweza kukupeleka upande ambao sio.

Mtu wa kwanza kutuma sauti yake kwa redio kwa namna hii alikuwa Reginald Fessenden, mzaliwa wa Canada, Desemba 1900, kwenye kisiwa cha Cobb huko Maryland Marekani. Umbali ulikuwa kama kilomita 1.6 tu na alichomuuliza msaidizi wake ni kama huko aliko theluji inaanguka. Napenda kwamba kati ya maneno ya mwanzo yalikuwemo ya hali ya hewa, kama watu wawili wanaosalimiana. FM ilikuja baadae, Edwin Armstrong alipata hataza yake 1933, lengo lake kubwa likiwa kuua ule mkwaruzo wa AM, na aliuua kweli.

Lakini hapa kuna jambo moja nililojifunza ambalo nimelisimulia kwa kila mtu ninayemjua. Marubani mpaka leo wanaongea na waongoza ndege kwa AM, kwenye masafa yanayoanzia megahezi 118 mpaka 137, na sababu mojawapo ya AM kuwafaa ni huo huo udhaifu wake. Kwenye FM wakiongea wawili kwa pamoja, mwenye nguvu anamfunika mnyonge kabisa, hutajua kama kulikuwa na mwingine. Kwenye AM zinagongana, unasikia mluzi na sauti mbili zimechanganyika, huelewi neno lakini unajua kwamba kuna mtu mwingine alikuwa anaita, unawaambia warudie. Fikiria ndege yenye shida ndo yule mnyonge. Kwa hiyo AM ile ile iliyomfanya Armstrong akeshe miaka, hapa ndo inalinda watu.

Sasa am ya nne, ambayo inaandikwa A kubwa na m ndogo, na tafadhali heshimu hiyo m ndogo. Am ni elementi namba 95, amerisiamu, iligunduliwa 1944 na kina Glenn Seaborg, Ralph James, Leon Morgan na Albert Ghiorso kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Chicago, wakati wa vita, kwa siri. Vita vikaisha, na Novemba 11, 1945 Seaborg akaalikwa kwenye kipindi cha redio cha watoto. Mtoto mmoja akamuuliza kama kuna elementi nyingine mpya zimegunduliwa zaidi ya zile zilizokuwa zimeshajulikana. Naye akamjibu, ndiyo, namba 95 na namba 96. Taarifa rasmi ilikuwa imepangwa kutolewa siku tano baadae mbele ya wanakemia wenzake! Mtoto ndo akaipata kwanza. Jina lenyewe lilikuja baadae, walilifananisha na yuropiamu ambayo iko juu yake kwenye jedwali la elementi, ile ina jina la Ulaya basi hii ikapewa la Amerika. Na redio ya miaka ile kwa watu wengi ilikuwa ni AM, kwa hiyo Am ilitangazwa kwa watu kupitia AM. Nilipoligundua hili nilikuwa peke yangu mezani na nikasimama.

Na hii Am haiko mbali na wewe. Vile vitambua moshi vya darini, vile vidude vya mviringo vyeupe vinavyolia betri ikiisha, aina moja inatumia amerisiamu-241, kiasi kidogo mno, chini ya nusu ya maikrogramu. Inatoa chembe za alfa, hizo zinachaji hewa iliyopo kati ya vibati viwili na umeme mdogo unapita. Moshi ukiingia unazing'ang'ania zile chembe za hewa zilizochajiwa, umeme unapungua, kidude kinapiga kelele. Chembe zenyewe za alfa zinazuiwa hata na karatasi, kwa hiyo hazitoki humo zikakufikia, ila usikifungue na usikichome, kipeleke kinakopokelewa. Itachukua miaka 432 mpaka nusu ya hiyo amerisiamu iishe, betri utabadilisha wewe, mwanao, na vitukuu.

Nyingine ntazipitia haraka. Kwenye gitaa Am ni kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya la minor, ile m ni minor, vidole viwili fret ya pili na kimoja fret ya kwanza, na ni kati ya kodi za mwanzo mtu anazofundishwa, ina huzuni fulani lakini haikatishi tamaa. Kwenye vyeti vya Harvard A.M. ni shahada ya uzamili ya sanaa, ile ile wengine wanaita M.A., wao wameubakiza mpangilio wa Kilatini, Artium Magister. Australia mtu akiandikwa AM baada ya jina lake ni nishani ya taifa. Na kwenye intaneti tovuti ikiishia .am ni ya Armenia, ila watu wengine wanainunua kwa ajili ya herufi zake tu, kile kiungo kifupi cha zamani cha Instagram kilikuwa instagr.am.

Hapo kwenye kompyuta pana mtego mmoja umeshanikamata kazini, nikuonye. Am kama msimbo wa nchi ni Armenia, lakini am kama msimbo wa lugha ni Kiamhara, lugha ya Ethiopia. Nililetewa faili jina lake linaishia na _am, nikamwambia mteja mimi sijui Kiarmenia, akanijibu ni Kiamhara, nacho pia sikijui, lakini angalau tulijua nani wa kumpelekea. Na hao wanaoongea Kiamhara ndo wenzetu kwenye saa, nao wanaanza kuhesabu jua likichomoza kama sisi, saa moja ya kwao ni saa moja ya kwetu. Yaani lugha yenye msimbo wa am ni lugha ambayo AM haiitumikii vizuri.

Ukiniuliza ntakwambia hivi, ukiandika am popote, andika na jirani yake. Weka nambari mbele tujue ni saa, weka megahezi au kilohezi tujue ni redio, na ukiwa na tangazo lenye dedlaini ya usiku wa manane basi nakuomba kwa moyo wote, taja siku inayoisha, usimwachie mtu kubahatisha, huko upande wa pili kuna mtu amekaa na kurasa zake 20.

Jana mpwa wangu alikuja tena. Nikamwandikia kwenye daftari lake mistari miwili, wa juu "I am 7", wa chini "7 am", nikamwambia asome kwa Kiswahili. Wa juu akasoma, mimi nina miaka saba. Wa chini akautazama kidogo, kidole kiko chini ya ile 7, akasoma, saa moja asubuhi. Alafu akarudi juu, akashuka tena chini, akaniuliza, mjomba, sasa saba imeenda wapi?